Kiwanda Kimekufa? Kifanye Makumbusho

Una kiwanda kilichofungwa, paa linavuja na njiwa ndio wapangaji? Usihuzunike. Fuata hatua hizi, watu watapanga foleni kuingia mahali ambapo babu zao walisubiri king'ora ili watoke.

1. Kiache kife kwanza. Kituo cha kufua umeme cha Bankside, London, kilizimwa mwaka 1981, kikafunguliwa mwaka 2000 kama makumbusho ya sanaa kwa jina la Tate Modern. Dohani yake ya mita 99 ikitoa moshi ni kero. Ikiacha, ni urithi.

2. Ng'oa mashine. Bankside walitoa turbaini, wakabaki na ukumbi mtupu wenye kimo cha mita 35. Sasa tafuta cha kuujaza. Mwaka 2003 msanii Olafur Eliasson aliweka jua la taa na vioo darini. Wageni wakalala chali sakafuni wakijitazama. Mwaka 2007 msanii Doris Salcedo aliipasua sakafu yenyewe. Wageni walionywa, na bado wapo waliotumbukiza mguu ufani wakaumia. Ufa ulizibwa, ila kovu lake lingali linaonekana.

3. Piga vumbi marufuku. Mwaka 2010 msanii Ai Weiwei alimwaga katika ukumbi huo huo mbegu milioni 100 za alizeti, zote za kauri. Watu walizikanyaga siku chache tu, kisha wakazuiwa: vumbi! Enzi za kazi ungeambiwa ufunge leso puani uendelee.

4. Kama mashine zimegoma kung'oka, ziite mapambo. Roma, katika makumbusho ya Centrale Montemartini, miungu ya marumaru imesimamishwa mbele ya injini za dizeli. Tahadhari: wapo watakaoipa miungu mgongo ili wachungulie injini.

5. Mgahawa upewe dirisha lenye mandhari nzuri kuliko yote. Duka liwe njiani kuelekea mlangoni, mtu asitoke salama.

6. Wasahau wafanyakazi. Hatua hii wengi huifaulu bila mwongozo. Ukutani andika jina la msanifu majengo, la msanii na la mfadhili. Fundi aliyekesha akitia grisi, mwache huko huko aliko.

Ila wewe mgeni, usikubali kirahisi hivyo. Ukiingia, muulize mwongoza watalii: nani walifanya kazi humu, zamu yao ilikuwa saa ngapi, walilipwa nini? Asipojua, basi kilichookolewa ni matofali tu, na kikombe cha ukumbusho cha dukani usikinunue.