Tusi Lenye Kibali

Anayetaka kupiga filamu ya dini chini ya Milima ya Uluguru hupima matusi kama mpishi anayeogopa pilipili. Mlevi wake lazima aokoke mwishoni. Sasa ataokoka kutoka kwenye nini, ikiwa filamu nzima analewa na kusema "jamani, mmeniudhi"? Akitukana sawasawa, Bodi ya Filamu ipo, na Sheria Namba 4 ya 1976 haijalala.

Waluguru, kumbe, walishaweka utaratibu wao. Mwaka 1963 James Christensen aliandika katika jarida la American Anthropologist kuhusu utani wao: mtani ana ruhusa ya kutukana, hata matusi ya chumbani, na papo hapo ana wajibu kwa watani wake.

Hata filamu za dini zina chimbuko lenye ukali: filamu ya Yesu ya 1979 ilitokana na Injili ya Luka, ambamo Yohana Mbatizaji anawaita waliokuja kubatizwa watoto wa nyoka. Katekista anayekata neno "mbwa" kwenye muswada wa filamu ya vijana huyasoma maneno hayo kanisani bila hata kukohoa.

Kamati zinazokagua miswada ya filamu hizi zimwongeze mtani mmoja. Posho yake kuku tu.