Chai ya Topeni Haigharamiwi

Mche wa mkoko hauna makuu. Huota ungali juu ya mti mama, ukaning'inia kama mlonge, ukikomaa unadondoka. Kazi yako ni kuuokota, kuuchomeka topeni, kusogea hatua moja na kuchomeka mwingine. Hautaki kitalu, hautaki mbolea, hautaki mtaalamu kutoka mjini. Bi Mweka Hazina wa kikundi chetu, mwenye wajukuu tisa, huchomeka mia mbili kabla maji hayajarudi, na muda wote huo anasimulia harusi ya watu.

Tulichopungukiwa ni buti za mpira, ndoo, nauli ya mtumbwi wa kuvukia mkono wa bahari, na chai. Jumla shilingi 1,800,000. Mwenyekiti akasema tuombe ruzuku. Akatukumbusha wenzetu wa Gazi, kule Kwale, Kenya, ambao tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa ya mikoko yao na fedha zinawaletea maji ya bomba na vitabu vya shule. Gazi hutajwa kila kikao chetu, kama mtoto wa jirani aliyefaulu mtihani. Akaongeza kwamba Mfuko wa Mazingira wa Dunia una mpango wa ruzuku ndogo kwa vikundi kama chetu tangu 1992. Sisi lakini tulimwangukia mfadhili mwingine, ambaye simtaji kwa sababu bado tuna tamaa naye.

Katibu ni mimi. Kosa langu ni kuwa na hati nzuri na simu ambayo kioo chake hakijapasuka.

Fomu ina kurasa 14. Ukurasa wa kwanza tu unasema kiwango cha chini cha kuomba ni shilingi 25,000,000. Sisi shida yetu haifiki milioni mbili! Ikabidi tukae jioni nzima chini ya mkungu kuitunisha. Tukaweka warsha ya uzinduzi, mabango, fulana, na mshauri mwelekezi wa kutushauri jinsi ya kuchomeka kijiti topeni. Vyote hivyo vinaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni chai: "Chakula cha wanakikundi wakati wa kazi hakigharamiwi." Ila chai ya warsha, ukumbini, kwa washiriki waliokaa kwenye viti, hiyo inagharamiwa, na vitafunwa viwili kila mtu. Kwa hiyo ukinywa chai umechafuka magoti ni ubadhirifu. Ukiinywa chini ya pangaboi ni kujengewa uwezo.

Nikafika kwenye jinsia. "Mtawashirikishaje wanawake?" Kikundi kina watu 23, wanawake 17. Bi Mweka Hazina akanitazama juu ya miwani: "Mwanangu, andika sisi ndio tunahangaika kuwashirikisha wanaume." Nikaandika kwa lugha ya heshima, kisanduku kikakataa. Kinapokea herufi 300 tu, na nafasi zinahesabiwa. Neno "tutakapowashirikisha" peke yake limekula 20.

Hatari za mradi: nikaandika kaa, maana kweli kaa hutafuna miche, na mbuzi, maana hushuka maji yakipwa wakala majani ya mchu. Kijana wa stesheneri, anayechapa maandiko ya wilaya nzima, akanicheka. "Mzee, weka mabadiliko ya sera na kuyumba kwa sarafu. Kaa hawapewi hela."

Viambatisho ndivyo vilivyonimaliza. Wanataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu. Hesabu zetu zimo kwenye daftari la kurasa 96 lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na safu zake ni tatu: nauli, sukari, rambirambi. Wanataka pia barua ya benki yenye saini za wote watatu wanaoidhinisha. Wa tatu aliolewa Muscat mwaka juzi. Benki inasema afike mwenyewe. Yeye anasema atakuja Idi, hasemi Idi ipi.

Kisha ukaja ujumbe: mafunzo ya waombaji, lazima kuhudhuria, kwa njia ya Zoom, saa nne asubuhi siku ya bamvua. Nani asiyejua kwamba kwetu bamvua maji hupwa saa nne asubuhi? Wenzangu wakaingia topeni. Mimi nikabaki stesheneri nimevaa shati la mikono mirefu, naelezwa na binti wa kistaarabu maana ya jamii kumiliki mradi wake. Ilipofika saa saba wakapita nje, weusi kwa tope mpaka viunoni, wamechomeka miche elfu tatu kwa ndoo za kuazima. Mtandao ulikuwa umekatika tangu saa tano, nami nilikuwa nimebaki naitazama sura yangu.

Maombi yamekwenda. Kuchapa, kuskani, mihuri, bando na nauli ya mjini mara nne ni shilingi 164,500. Kwa bei ya duka la hapa ni buti jozi tisa na chenji inabaki. Majibu, wameandika, ndani ya miezi sita, na asiyejibiwa ajihesabu amejibiwa.

Bamvua linarudi Alhamisi. Mwenye ndoo ya ziada alete. Kama ilikuwa ya rangi, aioshe kwanza. Chai kila mtu aje na yake.