Barua ya Wazi kwa Ofisi Husika Kuhusu Tita Langu la Kuni

Kighare, Usangi,
Wilaya ya Mwanga.

Kwa: Ofisi Husika

YAH: TITA NA NUSU

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza naomba radhi kwa kukuita jina ambalo huenda si lako. Niliuliza kijijini ni nani anayesimamia kitalu chetu cha kuni, nikajibiwa: ofisi husika. Nikaenda kata: ofisi husika. Nikatoa nauli nikateremka hadi wilayani, na huko mtu mwenye shati safi akaniambia kwa upole, "Mama, hilo liko ofisi husika." Nimekata shauri kukuandikia kwa jina hilo hilo, maana unatajwa kila mahali na huonekani popote.

Tangazo lako tumelisoma. Kuni ziokotwe ndani ya kitalu kilichotengwa, siku mbili kwa wiki. Ziwe kavu, ziwe zimeanguka zenyewe, zisizidi tita moja kwa kaya, na panga libaki nyumbani. Utaratibu mzuri. Kasoro yake ni kwamba miti haikuitwa kwenye mkutano. Wiki iliyopita upepo uliangusha tawi kavu la kupikia siku nne, likadondoka hatua tatu nje ya mstari wa rangi nyekundu. Tulisimama wanawake watano tukilitazama kama mgonjwa aliyelazwa wodi isiyo yake. Mmoja wetu akapendekeza tulipulize lirudi. Mpaka leo lipo pale pale, linaoza kwa kufuata utaratibu.

Hata hivyo nakiri kwamba kijana wako wa doria ana kipaji. Alilitazama tita langu likiwa bado kichwani, akafumba jicho moja, akasema: "Mama, hili ni tita na nusu." Nikamwomba anionyeshe hiyo nusu inaanzia wapi ili niitue. Akasema yeye hupima kwa uzoefu. Uzoefu wangu mimi wa miaka 30 uko shingoni, chini ya ngata, na haukuulizwa. Nusu ya tita ikabaki kwake, stakabadhi sikupewa. Jioni hiyo moshi ulionekana nyuma ya kibanda chake. Sitaki kumdhania mtu vibaya. Huenda alikuwa anateketeza kidhibiti.

Nikukumbushe kidogo habari za Wapare na kukadiriwa. Wakati wa vita kuu ya pili, utawala wa kikoloni ulituletea kodi iliyoitwa mbiru. Mali ya kila mtu ilikadiriwa, ng'ombe wake na mazao yake, kisha akatajiwa cha kulipa. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka milimani hadi Same, wakapiga kambi wakisubiri kusikilizwa. Mwaka uliofuata wanawake wa hapa hapa Usangi nao wakatoka, wakawazingira wakubwa na kudai waume zao warudishwe nyumbani. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima juu ya mgogoro huo. Watu wale hawakukataa kulipa kodi. Walikataa jicho la mtu kugeuzwa kipimo.

Najua utaniambia: mama, hamia kwenye gesi. Nimesikia Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Siupingi hata kidogo. Moshi umenila macho. Mtungi wa kilo sita ninao, umekaa pembeni kama mgeni wa heshima, na chai ya wageni inachemkia hapo. Lakini sisi ni watu wa makande. Mahindi makavu na maharage hayajasoma mkakati. Yanataka saa kadhaa za moto uliotulia, kigogo kimoja kigumu kinachoungua polepole huku mwenye chungu akiwa shambani. Ukiyapikia kwenye mtungi mdogo, hayatapita masufuria mengi kabla hujateremka barabarani na mtungi mtupu kutafuta gari, na nauli ya kwenda kuujaza haijatajwa kwenye asilimia 80.

Neno ninalolipenda zaidi katika nyaraka zako ni "shirikishi". Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilitufungulia mlango wa kushiriki kuutunza msitu, na kweli tunashiriki. Moto ukiwaka msituni usiku, hakuna kitalu wala mstari mwekundu. Tunaitwa sote, tunapanda na matawi mabichi mikononi kuupiga. Ukishazimika, mpaka unarudi mahali pake na sisi tunarudi kwetu tukinuka moshi. Lori la magogo nalo hupita mchana. Magogo yake yamegongwa nyundo, dereva ana hati ya kusafirishia, na kizuizi kinanyanyuka kabla hajapiga honi. Tita langu halina karatasi, ndiyo maana linatiliwa shaka.

Usidhani tunataka msitu uishe. Wazee wetu walikuwa na mpungi, misitu midogo ya matambiko ya koo, ambako hakuna aliyethubutu kuvunja kijiti, na hapakuwa na geti wala kijana wa doria. Maji ya ndiva zetu, mabwawa ya kumwagilia mashamba, yanatoka msituni huko juu. Msitu wa Kindoroko ukikauka, hata mahindi ya hayo makande hatutayaona. Na ukitaka kujua chemchemi ipi imepungua mwaka huu, muulize anayeokota kuni, kwa sababu hupita pale kila wiki na huinama kunywa.

Basi ombi langu ni moja, wala halihitaji bajeti. Tundika kamba kwenye geti la kitalu. Urefu wake tukubaliane kwenye mkutano wa kijiji, akina mama tukiwepo. Tita linaloingia kwenye kamba hiyo ni tita. Linaloishinda ni tita na nusu, na hiyo nusu nitaitua mwenyewe bila kulalamika, mbele ya kila mtu, stakabadhi nikiwa nayo mkononi. Watani wetu husema Mpare huuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Kamba itakugharimu kidogo kuliko kesi, na mimi ng'ombe wangu ameshapata mteja.

Tafadhali kamba iwe ndefu kidogo. Siku za lori tutaiazima.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye Tita (na Nusu)

Nakala:
1. Mwenyekiti wa Kijiji – kwa taarifa.
2. Kijana wa doria – kwa utekelezaji.
3. Tawi lililo nje ya mpaka – lisubiri maelekezo.