Utamu wa Kufikicha

Watu wamesifia usingizi, wamesifia chai ya tangawizi, wamesifia hata ugoro. Kufikicha macho hakujapata msifu, na mimi, mfikichaji tangu darasa la pili, naona hiyo ni dhuluma.

Sigara hununuliwa. Kufikicha kunataka mkono tu. Umeshuka kwenye basi Dodoma mwezi wa tisa, vumbi limeganda kwenye kope, mwasho umejikusanya kwenye pembe ya jicho, pale karibu na pua. Unakunja ngumi, unaweka kifundo cha kidole cha shahada, unasaga. Taratibu kwanza, kisha kwa juhudi, mdomo ukijiachia wazi wenyewe. Gizani nyuma ya kope zinachanua nyota na duara za kijani: sinema ya bure, maana jicho likibanwa halijui kulalamika ila kwa mwanga. Moyo nao unaweza kupunguza mwendo, kwa kuwa kulibana jicho huamsha mshipa wa fahamu unaotuliza mapigo. Ugoro gani utakupa yote hayo?

Lakini sifa kuu ya kufikicha ni kwamba hakukuachi. Mwenye mzio ana seli kwenye utando wa jicho zilizosheheni histamini, ile ile iletayo mwasho. Ukizisaga, zinamwaga zaidi. Dawa inazaa ugonjwa, ugonjwa unaiita dawa, na biashara inaendelea bila mtaji. Upele, wanasema, hupewa asiye na kucha. Mwasho wa macho tumepewa sisi wenye vifundo.

Anayelipia starehe hii ni konea, kioo cha mbele ya jicho. Mnyonge mkubwa huyo. Unene wake katikati ni nusu milimita hivi. Hana mshipa hata mmoja wa damu. Hewa anaipata kutoka nje, kupitia machozi. Hata hivyo ndiye anayefanya takriban theluthi mbili ya kazi yote ya kupinda mwanga ili tuone. Mtumishi wa namna hiyo tunamkanda kama unga wa chapati. Kila tunaposaga, presha ndani ya jicho hupanda, na nyuzi za kolajeni zinazomshikilia huchoka. Kwa wengine, miaka ikipita, kioo hupungua unene, sehemu iliyolegea husukumwa mbele, na kilichokuwa mviringo huchongoka kama pia. Ndiyo keratokonasi, ambayo John Nottingham, daktari wa Uingereza, aliieleza kwa kina mwaka 1854. Kurithi nako kumo, na mabingwa bado wanabishana kama kufikicha ndiko kunakoanzisha au kunachochea tu. Mimi mshabiki naomba tupewe sifa zote.

Maana faida zake ni nyingi. Asiyefikicha huona mwezi mmoja. Mimi huona mitatu, mmoja ukiwa na mkia. Taa za bodaboda usiku huniotea ndevu. Fundi wa miwani ananipenda kama mwanawe, kwa kuwa kila mwaka namba zangu zimehama. Alinipenda hivyo mpaka siku aliyokiri kwamba kigongo kwenye konea hakinyooshwi na miwani, labda lenzi ngumu ya kuvaa juu ya jicho.

Sayansi nayo imepata kazi. Dresden, Ujerumani, walibuni njia ya kulidondoshea jicho vitamini B2 kisha kulimulika mwanga wa urujuanimno, ili nyuzi zishikamane. Tiba hiyo huzuia konea isizidi kuchongoka; kuirudisha jinsi ilivyokuwa ni jambo jingine. Ikishindikana, kuna konea ya marehemu. Upandikizaji wa kwanza uliofaulu ulifanywa na Eduard Zirm huko Olomouc mwaka 1905, kwa kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Yule maskini alihitaji chokaa. Sisi tunaweza kujifikisha huko kwa mkono mtupu, tukiwa tumekaa sebuleni.

Mwaka jana nilipelekwa kupigwa picha ya konea. Daktari, dada mpole aliyeweza kuwa binti yangu, akageuza kompyuta nione: ramani ya kijani na samawati, na chini kidogo ya katikati doa jekundu.

"Hapa ndipo panapochongoka, baba. Macho yanawasha?"

"Kidogo."

Akaniandikia matone ya mzio, akanielekeza kitambaa kilichochovywa maji baridi, kiwekwe juu ya macho bila kusugua. Nikaitikia kila neno kama mtoto wa madrasa.

"Na unapofikicha," akauliza, "unatumia kiganja au vifundo?"

Swali la kitaalamu hilo, na mtu aliyebobea hulijibu kwa vitendo. Nikakunja ngumi nikamwonyesha. Akanidaka mkono kabla sijahamia jicho la pili.