Namna ya Kubadilisha Kaske Bila Kuumiza Kichwa

Mwongozo huu ni wa motari wa Bunia, mbeba abiria kwa pikipiki, ambaye kaske yake, ile kofia ngumu ya kichwani, imechoka, na wa mwenye pikipiki ya kwake ambaye kaske imeishi kwenye kioo cha pembeni tangu siku ilipotoka dukani. Kazi yenyewe ni ndogo: unaacha ya zamani, unavaa mpya. Watu makini huimaliza kwa miaka saba au minane.

Anza kwa kuhakikisha kwamba kaske imechoka kweli, maana mali haitupwi ovyo. Ufa uliotoka sikio hadi sikio si uzee, ni dirisha la hewa. Mkanda uliokatika na kuungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi ni ufundi, na fundi husifiwa. Kioo cha mbele kilichokwaruzwa na vumbi jekundu la barabara ya Iga Barrière, hadi taa moja ya lori ikaonekana tatu, kisikutie wasiwasi: chagua mojawapo, uikwepe hiyo.

Halafu jiulize kaske inakufanyia kazi gani. Hapa mjini kazi yake ya kwanza ni kumridhisha polisi wa barabarani. Ya pili ni kuwa kiti pale kwa mama wa chai. Ya tatu ni kubebea nyanya, ya nne ni mvua. Kulinda kichwa kunakuja mwisho, na hata hapo kunategemea kaske ilikuwa wapi wakati wa kuanguka. Kwa kawaida ilikuwa imening'inia mkononi. Nathubutu kusema kwamba kiwiko cha motari ndicho kiungo kinacholindwa vizuri kuliko vyote katika mkoa wa Ituri. Na ukiambiwa kaske yako imepitwa na wakati, kumbusha kwa upole kwamba sheria yetu ya barabara, nambari 78-022, ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na bado inatembea.

Ukishindwa kabisa kuahirisha, nenda soko kuu. Njiani utapita kwa mbadilisha fedha. Simama kidogo umtazame. Anachukua noti yako ya dola 20, anaikunjua, anaigeuza, anaiinua kwenye jua, anapitisha ukucha kwenye kona zote nne. Akikuta mpasuko mdogo kama mguu wa nzi, anakurudishia bila hata pole. Noti ikiwa ya miaka ya nyuma sana, hali kadhalika. Mji mzima una jicho hilo: muuza unga, mama wa samaki wa Kasenyi, tandiboi wa lori, wote ni mabingwa wa karatasi ya Marekani. Noti ikishafaulu mtihani, bingwa huyohuyo anaipeleka kwa muuza kaske, anatazama rangi, anauliza kama kuna yenye picha ya fuvu, analipa. Ndani hachungulii.

"Papa, hii ni orijino?"

"Orijino kabisa, kijana wangu. Ona sitika."

Sitika kweli ipo, nyuma, na imeandikwa DOT. Usiulize kwa nini kaske ngumu na kaske laini, ya dola chache na ya dola nyingi, zote zina sitika ileile; wala usitazame chini ya meza, ambako kuna karatasi nzima ya sitika hizo zikisubiri kubanduliwa. DOT ni alama ya kanuni ya Marekani, FMVSS 218. Huko kiwanda chenyewe ndicho kinachotangaza kwamba kaske yake imefuzu, kisha serikali hununua baadhi madukani na kuzipima. Wapimaji hao soko letu bado hawajalifikia.

Mteja mkorofi, yule anayependa kuharibu biashara ya watu, huigeuza kaske na kutafuta kipande cha kitambaa kilichoshonwa kwenye mkanda. Humo hutafuta herufi E ndani ya duara, pamoja na namba ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 3 ni Italia. Chini yake kuna namba ndefu inayoanza na 05 au 06. Hiyo ni kanuni ya 22 ya Umoja wa Mataifa, na 06 ndilo toleo jipya, lililoanza kutumika mwaka 2021. Herufi P hueleza kwamba na kidevu kinalindwa. J ni kaske iliyo wazi usoni. Mkorofi huyo akikosa E, atauliza alama ya India, IS 4151, kwa hoja kwamba pikipiki za TVS na Boxer zinazojaa mjini ni za Wahindi, nao tangu 1 Juni 2021 wamekataza kwao kuuza kaske isiyo na alama hiyo.

Alama nazo hughushiwa, kwa hiyo atatumia pia kidole gumba. Ataingiza mkono chini ya kitambaa cha ndani na kubonyeza. Kaske ya kumridhisha polisi ina sifongo, kisha plastiki, basi. Kaske ya kichwa ina povu jeupe gumu, unene wa sentimita mbili na zaidi, lilelile linalokuja na televisheni ndani ya sanduku. Povu hilo ndilo kaske. Ganda la nje na picha ya fuvu ni nguo tu. Kichwa kikigonga, povu linabonyea na kumeza kishindo ambacho kingeishia kwenye ubongo, na likishabonyea halirudi. Ndiyo maana kaske iliyokwishapata ajali moja imemaliza kazi hata kama inang'aa, na watengenezaji wengi hushauri kuibadilisha baada ya miaka 5 hivi. Maabara za kanuni ya 22 huigongesha kwenye chuma kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde, yaani kilomita 27 kwa saa, sawa na kuanguka kutoka karibu mita 3 juu. Ni mwendo ambao motari wa hapa huuona ni wa kuegesha.

Bei itakuuma. Jitulize kwa kukumbuka vitu ambavyo havikukuuma: spika iliyofungwa chini ya usukani, taa za rangi kwenye magurudumu, kava jipya la kiti. Shirika la Afya Duniani linasema kaske iliyovaliwa sawasawa huweza kupunguza hatari ya kufa zaidi ya mara 6, na ya kuumia ubongo hadi asilimia 74. Kuhusu spika halijasema kitu.

Sasa ijaribu. Zungusha futi ya fundi cherehani juu ya nyusi upate kipimo, vaa, funga mkanda hadi kidole kimoja tu kipite, kisha mwombe mtu aisukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikivuka paji la uso, ni ya mtu mwingine. Ukitikisa kichwa, mashavu yanapaswa kwenda nayo. Utajiona umenenepa, vumilia, maana kichwa wazi kina gharama yake. Lawrence wa Arabia, mtu wa vita na wa sifa nyingi, alianguka na pikipiki yake Uingereza tarehe 13 Mei 1935 akiwa kichwa wazi, akafa siku ya sita. Daktari Hugh Cairns, mmoja wa waliomhudumia, alikwenda kuchunguza ajali za matarishi wa jeshi waliopanda pikipiki, akachapisha matokeo mwaka 1941, na jeshi la Uingereza likawalazimisha matarishi wake kuvaa. Na Lawrence hakuwa amepakia watu wawili na mbuzi.

Ukichagua inayofunika uso wote, kumbuka kwamba Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu 6 Mei 2021. Askari wa kizuizini anataka kuona uso, kwa hiyo punguza mwendo, inua kioo mapema, usingoje kuamriwa. Kioo kioshe kwa maji na sabuni. Petroli na rangi ya kupuliza hula plastiki, ingawa kaske itapendeza sana siku ya kwanza.

Imebaki ile ya zamani, na hapa ndipo ukarimu wetu hung'aa: tunampa abiria. Dereva kapata mpya, mteja anayemlipa anakabidhiwa ile yenye ufa, na akikataa kwa sababu ya jasho la waliomtangulia tunasema watu wa Bunia hawapendi kaske. Kata mkanda wa hiyo ya zamani kwa kisu leo hii, ili asiivae mtu tena, wape kuku waatamie humo. Mnunulie abiria ya pili iliyo na povu, na uwe na vitambaa safi vya kutanguliza kichwani kwa mama aliyetoka kusuka.

Nawe abiria, kabla hujapatana bei ya kwenda Mudzipela, omba kaske, chungulia ndani, bonyeza kwa kidole. Asiyekuwa nayo mwache aende. Nyuma yake wanakuja wengine kumi.