Kiyoyozi cha Themi

Hongera, jirani yangu wa Themi. Chumba cha kulala mita nne kwa nne, umekifungia kiyoyozi cha BTU 24,000! Tena Arusha hii, mita 1,400 hivi juu ya bahari, ambako Julai mlinzi wa geti huvaa makoti mawili. Dar es Salaam, penye joto lenyewe, chumba kama hicho kwa kawaida hutosheka na 9,000 au 12,000.

Fundi alikuuliza nini? Si upana wa chumba, si dirisha linatazama wapi, si kama kuna dari au bati tupu. Aliuliza bajeti. Nawe, kwa fahari, ukaitaja.

Sasa dude linavuma dakika chache, chumba kinaganda, linazima. Linawaka, linazima tena. Unyevu haukupewa muda wa kutolewa, umebaki palepale. Kompresa inachoka kwa kuwashwa-washwa, na LUKU inalia kila wiki. Nasikia unalala na blanketi mbili, rimoti mkononi.

Joto la Februari likizidi, fungua madirisha yanayotazamana, weka wavu wa mbu. Kwa Themi, pangaboi linatosha.