Mashine Iliyonuka Changu

Mama mkwe wangu, bibi mwenye staha isiyo kifani, aliipokea sahani yake jana adhuhuri, akaitazama, kisha akaisogeza puani akainusa mbele ya hadhara nzima, kwani sahani hiyo, iliyotoka sasa hivi katika mashine ya kuoshea vyombo niliyomsifia tangu Ramadhani, ilikuwa na tone la maji ya kijivu lililonuka changu mbichi.

Changu aliparuliwa magamba sinkini. Ajabu ya mashine hii, ambayo Bibi Josephine Cochrane wa Illinois aliipatia hataza mwaka 1886, ni kwamba haijai maji kama wengi tudhanivyo, bali huteka kiasi kidogo, huyapasha moto, na kuyarusha juu kwa mikono inayozungushwa na msukumo wa maji yenyewe, yakianguka yakarushwa tena, hata pampu iyatoe nje kwa mpira. Lakini pampu ikinyamaza, maji huirudia tabia yake ya tangu na tangu ya kuteremka. Na mpira ule ukiwa umelazwa sakafuni, kama fundi alivyoulaza, sinki likijaa, maji ya samaki huiona njia ya mashine kuwa fupi kuliko ya mtaroni. Yatakiwa mpira upandishwe hadi chini kabisa ya kaunta, ufungwe hapo barabara, ndipo ushuke kuungana na bomba la sinki, juu ya kile kiwiko kizuiacho harufu. Kipande cha waya kingetosha!

Fundi mwenyewe nilimwokota njiani, maana duka lililoahidi kunifungia bure liliishusha mashine langoni likaondoka, na dhamana yao, nimeisoma kwa miwani, yabatilika iwapo mashine itafungwa na asiyekuwa fundi wao, naye fundi wao hafiki pwani. Huu si mzaha tena. Ni kulipishwa ahadi.

Alasiri nilivuta treya zote mbili kwa pamoja, na mashine, kwa kuwa haikukazwa, ikaniinamia na sufuria zake. Kaunta ni jiwe, hivyo skurubu zilipaswa kuingia katika mbao za kabati ubavuni.

Umeme ulikatika magharibi, sabuni ikiwa ndani.

Asubuhi hii duka limenipigia simu kuuliza iwapo nimeridhika, na iwapo ningependa na ya kufulia.